Kidonge Ambacho Mama Hakukigawa

Kwetu Mwatate kidonge cha presha huombwa kama chumvi. Vya jirani vikiisha kabla ya siku ya kliniki, hupiga hodi, akapewa kimoja, atarudisha. Ndiyo maana mama yangu, alipoanza kutumia dawa ya huzuni, aliwaambia majirani kwamba ana presha. Presha haina aibu.

Huzuni ile ilikuwa imemkalia karibu mwaka mzima. Aliacha kwaya, akapoteza hamu ya kula, akawa anatazama mahindi yake yakikauka kana kwamba ni ya mtu mwingine. Daktari wa Voi alitueleza kwamba mwilini mna kemikali iitwayo serotonini, nyingi yake ikiwa tumboni; ile ya ubongoni hupeleka ujumbe unaogusa hisia, usingizi na hamu ya chakula. Hakudai kwamba huzuni yote ni upungufu wake tu. Alisema dawa huifanya serotonini ikae kazini muda mrefu zaidi, na kwamba tusubiri wiki kadhaa. Tukasubiri. Asubuhi moja nikamsikia mama akiimba sauti ya pili jikoni, nikasimama mlangoni nisimkatize.

Jumamosi moja akina mama wa chama walikuwa uani kwetu wakimenya mbaazi. Jirani yetu, mjane aliyemzidi mama umri, akalalamika kwamba kichwa kinamgonga na vidonge vyake vya presha vimeisha. Akamwomba mama kimoja. Mama akaendelea kumenya huku akipima. Akitoa, atamlisha mwenzake dawa isiyo yake. Akikataa bila sababu, ataitwa mchoyo. Akisema kweli, kufikia jioni soko zima litajua.

"Dada, dawa zangu si za presha," akasema. "Ni za huzuni. Niliugua."

Mikono ikatulia juu ya mbaazi.

"Na sisi tulisema umeingiwa na maringo," jirani akasema. "Eti umeacha kwaya kwa sababu ya sauti zetu."

"Yako ilichangia," mama akamjibu, na ua mzima ukacheka.

Kisha akawaeleza habari za serotonini, nusu Kiswahili, nusu Kidawida chetu, bila kuinamisha kichwa. Mmoja wao akauliza, kwa sauti ya chini, daktari huyo wa Voi hupatikana siku gani.

Mama akavaa viatu ampeleke jirani zahanati akapimwe. Walipotoka langoni wameshikana mikono, mwanamke aliyeketi kando yangu akaniuliza ujasiri ule ameutoa wapi. Nikasema sijui. Nikasema huyo ni mama yangu, nikarudia tena, ingawa pale uani hakuna asiyejua.