Barua Niliyoifungia Kabatini

Mwanangu Neema, iko siku moja naikumbuka kila nikikuona umerudi hapa Weston, huku ugenini, kutoka kazini Markham, umekaa ndani ya gari hapo chini na hushuki. Jana uliniambia shirika lenu la umma linapunguza watu, na orodha ya watakaoachishwa umepewa wewe. "Baba, wale ni watu wangu," ukasema, "I can't tell them." Basi nisikilize mimi niliyewahi kunyamaza.

Nilikuwa kijana, ofisa utumishi katika kiwanda cha nguo cha serikali kule nyumbani. Kiwanda chetu kiliajiri kwanza, kufuma baadaye. Mashine moja ilikuwa na watu watatu: mmoja anaendesha, mmoja anamtazama, na wa tatu, Mungu anisamehe, alikuwa shemeji yangu. Nilimwingiza mwenyewe.

Mageuzi yalipofika, ikaja barua. Katika miezi sita, nusu ya watu waondoke na kiinua mgongo chao, na watakaobaki wafundishwe mitambo mipya. La sivyo, kiwanda kitafungwa. Meneja aliogopa kelele, akaniachia mimi niwatangazie. Nikaifungia kabatini. Kila aliyeniuliza nilimjibu, "Hakuna atakayeguswa." Wakanipenda, nami nilipenda kupendwa.

Miezi sita ilipokwisha, asubuhi moja tukakuta lango limefungwa, tangazo juu yake likitaja barua ile na muda wake, watu wameshika vyakula vyao mkononi. Mzee Kibwana, msimamizi wa wafumaji, hakunigombeza. Alinishika mkono tu.

"Kijana wangu, ungenipa miezi ile sita ningelima. Ningewahamisha wanangu kutoka nyumba ya kiwanda kwa heshima. Ulituhurumia sisi, au ulijihurumia?"

Mpaka leo nikilikumbuka swali lile naona haya.

Mwanangu, sikuambii ufyeke watu kama majani. Kazi ya mtu ndiyo chakula cha watoto wake. Wala sikuambii uwabakize wote, maana kiwanda kisichozalisha hakimlishi yeyote, na heri nusu shari kuliko shari kamili. Nakuambia hivi: waite mmoja mmoja, uwaambie uso kwa uso, wakiwa bado na muda wa kujipanga. Atakayelia, kaa naye. Usifiche, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Mungu akupe ulimi mpole na moyo usiokimbia. Kesho pengine watakuwepo watakaokulaani. Baba yako amekwisha kukubariki.