Alifu Moja Katika Maelezo ya Neema

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya vilivyonibana. Kaka yangu alinipeleka kwa gari yake kutoka mji wetu wa Ibra mpaka Sur, pwani, na njia nzima nilikuwa najisomea kimoyomoyo maneno ya kisheria ya Kiarabu, kama mwanafunzi anayekwenda kwenye mtihani. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa mkalimani wa Kiswahili katika ofisi iliyoshughulika na wageni walioingia nchini, au waliobaki nchini, bila ya karatasi.

Mudiri wetu wa Sur, na mudiri ndiye mkuu wa ofisi, alikuwa bwana mfupi mwenye sauti ya upole. Aliniuliza Kiswahili nimekisomea wapi. Nikamwambia sikukisomea, nimezaliwa nacho Unguja mjini.

"Zein," akasema, yaani vyema. "Hapa utatafsiri alichosema mtu, si ulichofahamu weye. Neno likiwa na shaka, muulize mwenyewe. Kuuliza si aibu."

Nikaitikia na'am, na moyoni nikacheka. Mimi nimuulize mtu maana ya neno la Kiswahili?

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii leo mna kompyuta na vinasa sauti. Wakati wetu kulikuwa na meza, karani, kalamu, na mtu anayetetemeka. Mtu husema, mimi natafsiri, karani anaandika. Karatasi ile huitwa mahdhari, yaani maelezo rasmi ya mtu, na ikishaandikwa mkalimani humsomea tena mwenyewe kwa lugha yake. Akikubali, anatia dole gumba, mkalimani anatia saini chini yake. Baada ya hapo mtu si yule aliyekaa mbele yako tena. Mtu ni ile karatasi.

Pale Sur wengi walioletwa walikuwa wameshushwa ufukweni upande wa Ras al Hadd, wamekauka midomo, wengine hawana hata kiatu. Wa Kiswahili walikuwa wachache, Wasomali waliopata kuishi Mombasa na vijana wa bara waliozungukia Yemen. Karani aliwaandika wote neno moja, mutasallil, yaani mtu aliyejipenyeza. Nilipolitafsiri kwa mara ya kwanza nilisema "aliyeingia kwa kunyemelea", na kijana mmoja akanijibu, "Mama, mimi sikunyemelea, nilikuwa napiga kelele za kiu." Nilicheka siku ile. Sasa nikilikumbuka jibu lake sicheki.

Kutoka Sur nilihamishiwa Nizwa. Mudiri wa huko alikuwa mtu wa vitabu, na alipenda kutueleza kwamba mwenye nyumba ana haki ya kujua nani kalala chumba gani. Nami nilikubaliana naye. Sikuwa napinga sheria, na hata leo siipingi. Niliwasikia watu wakieleza jinsi waliowaleta walivyowatupa majini kabla ya kufika nchi kavu, na niliwaona mabwana wanene waliowaficha mashambani kwao ili wawatumikishe. Mtu aliyeniambia mambo haya ni mepesi, nilijua hajapata kukaa pale mezani.

Mjadala ulikuwepo hata nyumbani kwetu. Ijumaa moja, tuko kwenye sinia la wali, kaka yangu alisema, "Wallahi wamezidi. Wakiachiwa wote, wageni tutakuwa sisi."

Mama akaweka tonge chini. "Na sisi tuliingiaje?"

"Sisi si sawasawa nao, mama. Sisi tulirudi kwetu."

"Mimi nimezaliwa Unguja, Ng'ambo, na mamangu kazaliwa Ng'ambo. Nilirudi wapi?"

Mimi nilijitia kuchambua miiba ya samaki. Ukweli ni kwamba tulitoka Unguja kwa siri, bila ya pasi, tukapitia Mombasa, mimi nikiwa na miaka sita. Tulipofika Ibra, shekhe wa kabila letu alituandikia barua kwamba sisi ni watu wake, ingawa alikuwa hajapata kutuona hata siku moja. Barua ile moja ndiyo iliyotufanya raia. Nimeishi maisha yangu yote kwa sababu mtu mmoja alikubali kuandika neno zuri juu yangu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Ibra penyewe. Mudiri wa Ibra alikuwa mkali, mwenye haki lakini hana subira, na aliniambia mbele ya makarani wote, "Nyinyi watu wa Zanjibari, mkisikia Kiswahili tu mnalegea. Sitaki huruma kwenye mahdhari." Maneno yale yaliniingia. Tangu siku ile nikawa najichunga nisionekane namtetea mtu yeyote.

Ndipo alipoletwa Neema. Alikuwa mwanamke wa Dodoma, umri kama wa binti yangu mkubwa, ana mwanya na sauti ya chini. Alikuja kwa viza ya kazi ya nyumbani upande wa Jaalan Bani Bu Ali, na baada ya miezi minane akakutwa Ibra, anamtunza mwanamke mtu mzima aitwaye Bi Shekha, bila ya ruhusa. Bi Shekha alikuwa wa kwetu, mzaliwa wa Unguja. Wajukuu zake wamekulia Ibra na Kiswahili chao kinaishia kwenye shikamoo. Alipompata Neema akapata mtu wa kuzungumza naye kutwa. Alitaka amhamishie kwake kisheria, na jambo lile liliwezekana.

Liliwezekana kwa sharti moja. Mgeni huwa chini ya kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini. Siku zile ofisini kwetu, mgeni aliyetolewa nyumbani na kafili wake aliweza kuhamia kwa kafili mwengine. Aliyemtoroka kafili alikuwa na mwisho mmoja, tarhili, yaani kurudishwa kwao na kutokuruhusiwa kuingia tena.

Jumatatu asubuhi Neema alikaa mbele yangu. Nikamuuliza aliondokaje Jaalan. Akasema, "Yule madamu alinifukuza mpaka nje ya geti, nikakimbia."

Kwetu Unguja, tulipokuwa watoto, kufukuzana ulikuwa mchezo. Mmoja anakimbia, mwengine yuko nyuma anamfukuza amkamate. Neno lile nililisikia kwa sikio la utotoni. Nikamwambia karani, "Taaradatni," yaani alinikimbilia nyuma anikamate. Neema alikuwa amekusudia "taradatni", yaani alinitoa, usirudi tena. Katika maandishi ya Kiarabu kilichozidi ni alifu moja, kijiti kimoja kilichosimama baina ya herufi mbili.

Sikumuuliza. Kiswahili chake cha bara nilikuwa nakidharau, nasema moyoni kwamba namfahamu kuliko anavyojifahamu mwenyewe. Na nilipomsomea mahdhari kwa Kiswahili nilisema, "Madamu alinifukuza mpaka nje ya geti, nikakimbia." Akasema, "Ndivyo hivyo, mama." Akatia dole. Nikatia saini. Lile neno lilitoka kinywani mwake, likapotea kwenye Kiarabu, kisha likarudi kwake vilevile lilivyotoka, na sote wawili tukaridhika.

Jumatano nilimpelekea sabuni na kanga chumba cha mahabusu, palepale ofisini. Akanishika mkono.

"Shikamoo mama. Samahani, mbona wananiita mtoro? Mtu akifukuzwa kazi naye ni mtoro?"

Nikamuuliza, sasa ndipo nilipomuuliza, madamu alifanya nini pale getini. Akasema alimtupia begi lake nje, akafunga geti, akamwambia asimuone tena pale.

Mudiri alikuwa chumba cha pili, na mlango wake uko wazi. Ilinibidi nitembee hatua kumi na tano tu. Nikafikiria uso wake, na makarani watakavyotazamana, na lile neno lake kwamba sisi tukisikia Kiswahili tunalegea. Nikajiambia nitasema kesho, nikishatulia.

Alkhamisi alikuja Bi Shekha mwenyewe kwenye kiti cha magurudumu, mkwewe anamsukuma. Akanitazama mimi kwa sababu pale ofisini ni mimi tu niliyeweza kusema naye.

"Mwanangu, huyu mtoto kafanya nini? Mie kanambia alitolewa."

Nikamjibu, "Imeandikwa katoroka, bibi."

Imeandikwa. Miaka yote ya kazi sikupata kulitumia neno kwa woga kama nilivyolitumia lile. Bi Shekha akamwambia mkwewe amrudishe nyumbani.

Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko. Jumapili niliingia kwa mudiri kabla sijaweka mkoba mezani kwangu, nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hakunipigia kelele. Angelinipigia ningeshukuru.

"Kasafirishwa jana," akasema. "Ya ukhti, lau ungeniambia Alkhamisi ningelifungua faili. Kosa la neno tunalo kila mwezi. Ulikuwa unaniogopa?"

Nikatoka na mkoba wangu mkononi.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaosomea ukalimani huniuliza siri ya kazi, wakitarajia niwatajie kamusi. Mimi huwaambia wamuulize mtu alichokusudia, hata kama neno ni la mama yao aliyewazaa. Na wakigundua wamekosea, wainuke saa ileile. Wananiitikia vizuri, na mimi ninawaona nyusoni kwamba hawajanisikia, kama mimi nilivyokuwa Sur.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Bi Shekha. Nilikuwa nimemkwepa miaka miwili, katika mji ambao kila mtu anamjua mwenziwe. Nilimkuta kitandani, amepungua sana, televisheni ya Kiarabu inasema peke yake. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba mwanangu, na kabla kahawa haijaletwa nikamweleza. Nilimwambia kosa lilikuwa langu, kwamba nililijua siku ile aliyokuja ofisini, na kwamba Neema hakumtoroka mtu.

Akaniambia niizime televisheni.

"Alinipigia simu kutoka kwao," akasema. "Mara tatu. Sikumpokea. Nikasema huyu kala kwangu, kanikogesha, kanisikiliza khabari zangu zote, kumbe kanidanganya."

Nililia mbele yake, na hakunikataza.

Akatoa simu yake chini ya mto, akanipa. Namba bado ilikuwemo. "Mpigie weye, mie macho hayaoni maandishi."

Nikapiga. Ikaita sana, kisha akapokea mwanamme. Nikamuulizia Neema. Akasema namba ile ameinunua yeye, Neema hamjui.

"Kasema nini?" Bi Shekha akauliza.

"Kasema hamjui, bibi."

"Muulize tena. Mwambie Neema, yule mwenye mwanya."

Nikamuuliza tena. Yule bwana alikuwa keshakata, nami nikaendelea kuishika simu sikioni, kwa sababu Bi Shekha alikuwa ananitazama.