Shangazi Alikuwa Mtu wa Nani

Ukitaka kumkasirisha shangazi yangu, mwambie hema ni kitambaa na vyuma tu. Atakushika mkono akupeleke kwenye kona, akuoneshe jinsi kamba inavyoivuta nguzo upande huu na kigingi kinavyokataa upande ule, na hatakuachia mpaka ukubali kwamba unachokaa chini yake ni ugomvi uliosuluhishwa vizuri.

Wenzake wa kazini walimwita Mama Kamba. Hakuzaa. Alitulea sisi, watoto wa kaka yake, kwa mshahara wa kiwanda cha magunia, na kiwanda kilipofungwa alikwenda kuomba kazi ya kushona viraka kwa mzee mmoja aliyekodisha mahema na viti vya shughuli. Mzee huyo tulimwita Mzee Viti, kwa kuwa alianza biashara na viti vya plastiki juu ya mkokoteni. Siku moja fundi wa kufunga mahema hakutokea, shangazi akapanda ngazi kushika nafasi yake, na tangu hapo hakuna aliyemwambia ashuke.

Ila hakuwahi kuandikishwa kazi. Shughuli ikiwepo anaitwa, isipokuwepo anakaa kwake anapalilia mboga. "Mimi ni wa kuitwa," alizoea kusema, akicheka. "Simu ikilia nina kazi, chaji ikiisha sina."

Siku yenyewe ilikuwa ya mahafali kwenye chuo cha ufundi. Mahema yalisimama asubuhi bila tatizo, Mzee Viti akaondoka na lori kufuata viti vya nyongeza. Hapo dereva wa chuo akamjia shangazi, akamwomba asogeze kamba moja ya pembeni iliyoziba njia ya gari la chakula. Ombi lilikuwa la maana. Shangazi aling'oa kigingi, akakipigilia upya kando ya bustani ya maua, akavuta kamba mpaka akaridhika nayo. Hakujua kwamba mtunza bustani alikuwa ameimwagilia ile sehemu alfajiri, na chini ya udongo mkavu wa juu kulikuwa na tope.

Mchana upepo ukaja. Kigingi kilichomoka kama jino bovu, nguzo ya pembeni ikalala, ikamwangukia mama mmoja wa safu ya mwisho. Alikuwa fundi cherehani, amekuja kumwona binti yake akipokea cheti. Nguzo ilimvunja mkono wa kulia.

Shangazi ndiye aliyemfikia kwanza. Alivuta kitambaa cha meza, akaufunga ule mkono kifuani kwa mafundo yaleyale aliyoyajua, akapanda naye gari hadi hospitali, njia nzima akimwuliza habari za binti yake ili asiutazame mkono. Aliporudi nyumbani hakula. Alikaa kwenye kiti changu bila kuvua viatu, akaniambia kwamba kamba ile ilikuwa yake, wala hakutaka nimfariji.

Majuma machache baadaye ikaja barua ya wakili wa familia ya fundi cherehani, ikidai fidia ya matibabu na ya muda ambao mama yule hataweza kushona. Mzee Viti alikuwa amekwishatoa taarifa kwa kampuni ya bima siku ileile ya ajali, kwa hiyo barua yenyewe haikumshtua sana. Kilichowashtua wote ni kwamba iliidai biashara yake, kisha ikamdai na shangazi, peke yake, kwa jina lake kamili, jina ambalo nusu ya wafanyakazi wenzake hawakulijua. Shangazi ana nyumba ya vyumba viwili aliyoijenga tofali kwa tofali. Aliniuliza kama mtu anaweza kunyang'anywa nyumba kwa ajili ya mkono wa mtu. Nikamwambia sijui, na kweli sikujua.

Mdogo wake Mzee Viti, ambaye ndiye aliyeendesha ofisi, alikuwa na jibu lake. Alimwita shangazi stoo, katikati ya viti vilivyopangwa hadi darini, akazungumza naye taratibu kama mtu anayempa mwenzake ushauri.

"Usinielewe vibaya, Mama Kamba," alisema. "Wewe si mwajiriwa wetu. Unakuja, unalipwa, unaondoka zako. Tukisema ulikuwa fundi wa kujitegemea, biashara inapona."

Shangazi hakubishana. Baadaye aliniambia kwamba kilichomuuma hakikuwa uongo wa maneno yale. Yalimuuma kwa sababu aliyasikia ni ya kweli, tena ni yaleyale aliyoyasema yeye mwenyewe kwa miaka yote kama mzaha, na sasa yametoka kinywani mwa mtu mwingine yakiwa hayana kicheko.

Mke wa Mzee Viti alikuwa nyuma ya pazia la stoo akikunja vitambaa vya meza. Hakukosa hata neno moja, na mumewe aliporudi hakumbakizia hata moja. Mzee hakupandisha sauti. Alimwambia mdogo wake afunge ofisi mapema, akampigia shangazi simu, akamwambia avae viatu vya heshima, wanakwenda bima. Shangazi akaomba na mimi niende, kwa kuwa aliogopa maneno ya huko yatampita juu ya kichwa.

Tulikwenda wanne, mke wa mzee akiwemo, tukapokewa na afisa wa madai, mwanamke mpole mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Mzee Viti hata hakusubiri kukaa vizuri. Alisema amekuja kuuliza swali moja: bima yake ni ya nani. Yule afisa akavaa miwani, akafungua mkataba, akatueleza kwa lugha ya kawaida, akisimama kila mahali alipoona sura ya shangazi inapotea.

Bima imekatwa kwa jina la mzee, alisema, lakini haimkingi yeye peke yake. Inamkinga na mkewe pia, kwa mambo yanayohusu biashara hii. Inawakinga wafanyakazi wake wanapokuwa kwenye kazi yake, na mkataba huu unamhesabu hata kibarua anayefanya kazi chini ya maelekezo yake. Asiyehesabiwa ni mtu mwenye biashara yake aliyekuja kama mkandarasi, au mfanyakazi aliyeiacha kazi na kushughulikia mambo yake binafsi.

Mke wa mzee akasema kumbe miaka yote hii amekingwa na hakuna aliyemwambia, angejua angeinua yale masanduku ya vyombo kwa kujiamini zaidi. Hata shangazi alitabasamu kidogo.

Kisha yakaja maswali. Nyundo ni za nani, kamba ni za nani, nani anamwambia mama huyu aende wapi na aanze lini? Mzee alijibu kwamba nyundo ni zake, lori ni lake, na amri ni yake, labda pale mkewe anapoitengua. Afisa akaandika. Halafu akamgeukia shangazi, akamwuliza ni nani aliyemwagiza ahamishe ile kamba.

Nilijua anachoweza kusema. Mzee Viti hakuwepo chuoni. Angemtaja yeye, nani angebisha?

"Hakuna aliyeniagiza," shangazi alisema. "Dereva wa chuo aliniomba, nikaamua mwenyewe. Bosi hakuwepo."

Kalamu ya yule afisa ikabaki hewani. Mzee Viti akasogeza kiti mbele.

"Dada, mimi nikimwacha huyu kwa mteja, nimemwacha amsikilize mteja," alisema. "Kusogeza kamba ili gari lipite ndiyo kazi niliyomtuma. Angekataa, ningemgombeza. Huyu ni mtu wangu, andika hivyo."

Shangazi aliinamisha kichwa, akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake. Hakukuwa na kitu alichokitafuta.

Uamuzi haukutoka siku ile. Watu wa bima walimhoji dereva wa chuo, wakaenda kuitazama ile bustani. Hatimaye afisa alimpigia shangazi mwenyewe, nami nilikuwa naye jikoni. Alimwambia kampuni itayabeba madai yote, ya mzee na ya kwake, na wakili wao atasimama kwa niaba ya wote wawili.

"Hata mimi?" shangazi akauliza.

"Hata wewe, mama. Umo."

Alikata simu, akairudisha mezani polepole. "Nimo," akaniambia, kama anayelionja neno. Kisha akalia, kilio kizuri, cha mtu aliyetua mzigo.

Fundi cherehani alilipwa bila kufikishana mahakamani, na mkono wake ukaunga, ingawa hadi leo huwa mzito asubuhi za baridi. Mambo ya fidia yalipokwisha, shangazi alijipiga moyo konde akaenda kwake kumwomba radhi. Yule mama alimkaribisha ndani, akasema hakujua kwamba wakili angemtaja, kwani yeye alimkumbuka kama mtu aliyemfunga mkono vizuri hadi daktari akauliza ni muuguzi gani. Tangu hapo wamekuwa marafiki. Mmoja hukata vitambaa, mwingine husema vimekatwa kombo.

Mdogo wa Mzee Viti alichukua muda, lakini alikuja. Alimwambia shangazi kwamba aliogopea biashara, na hofu ilimpotezea adabu. Shangazi akamjibu kwamba hata yeye aliogopa, basi wako sawa, wakapakia lori pamoja.

Sasa shangazi ameandikishwa kazi, na hugusa udongo kwa kisigino kabla ya kupigilia kigingi chochote. Majuzi nilimwuliza ni nani anayemshukuru zaidi katika mambo yale yote. Alifikiri sana. Akasema anamshukuru mke wa mzee kwa masikio yake, afisa kwa kumweleza bila kumfanya mjinga, fundi cherehani kwa moyo wake. Na mzee?

"Yule," alisema, akikaza fundo, "mwache tu. Yule sina neno la kumtosha."