Mstari wa Mama

Mdogo alimjua dada yake kwa mikono. Dada mtafiti alishika kijiko, ufunguo, hata mkono wa mgeni, kwa ncha za vidole tu, kama alivyozoea kushika nyuzi zake za maabara, nyembamba kuliko unywele, ambazo hupandikizwa ndani ya ubongo kupima kemikali zake. Jioni hiyo alikaa kando ya kitanda cha mama yao, ambaye hakuwa ametamka neno tangu augue. Uzi mmoja ulikuwa tayari kichwani mwa mama. Mama akimfurahia mtu, kemikali ya furaha ingeongezeka na mstari kwenye skrini ungepanda.

“Mama, ni mimi, mwanao,” dada alisema.

Mstari ulilala vilevile.

“Labda kifaa chako kimegoma, dada.”

“Hakina uvivu wako hicho,” alijibu, akipangusa vidole vilivyokuwa vikavu.

Ndipo mstari ukaanza kupanda, taratibu, mpaka juu kabisa. Mama alikuwa akiutabasamia mlango, ule ambao marehemu baba yao aliingilia kila jioni akitoka kazini. Hapakuwa na mtu. Mdogo alingoja dada acheke, au angalau akague nyaya. Dada aliutazama mstari, akainuka, akakiacha kiti wazi.

“Shikamoo, baba,” alisema.