Mtoni kwa Mama Mkwe

Mke wangu na ndugu zake walikaa kikao, wakanichagua mimi. Mama yao alikuwa hasikii la mtu. Kila asubuhi anachukua ufito wake wa kuvulia, anateremka mtoni Ruvu peke yake, na mwaka ule mamba alikuwa amemkamata mbuzi wa jirani palepale watu wanapoteka maji. Wanawe walimsihi, wakanuna, wakamfichia ndoana. Wapi bwana. Mwisho wakakumbuka kwamba mama mkwe hamkatalii mkwewe neno. Nikisema mimi tu, "Mama, acha mto," ataacha, na hatarudi tena mpaka anaingia kaburini.

Sikupenda kutumwa vile. Tangu nimwoe binti yake, mimi na mama tunaheshimiana kwa mbali. Hatuli sahani moja, hatutazamani usoni, na kitu cha kunipa hanipi mkononi: anakiweka chini, anasogea, ndipo nakiokota. Sasa mtu kama huyo nikamwambie aache kitu anachokipenda? Lakini mke wangu akishaamua jambo, nyumba hailaliki. Nikapanda bodaboda.

Nikasema kwanza nikauone huo mto wenyewe. Na nilikwenda na dharau yangu, nisifiche. Mimi mtoto wa Kaole, nimekulia pwani, na sasa nakaanga samaki wa kuuza Dunda. Wa kunifundisha samaki alikuwa hajazaliwa. Nilimkuta kwenye ukingo, nikasimama mbali, nikamwamkia. Akaitika, "Marahaba, baba," macho yake majini. Hakuniuliza nimefuata nini. Nikatoa mshipi wangu wa kuvulia mfukoni, nikatafuta kivuli, nikakaa kungoja maji yajae.

Ndiyo, yajae. Mwezi ulikuwa mpevu, ni bamvua, bahari inajaa kupita siku zote, na kwetu samaki huingia na maji. Nilikuwa nimeweka alama kwenye mzizi mmoja, naitazama kila mara. Jua likapanda, likanichoma utosi, mto uko palepale. Mama mkwe alivumilia weee, mwisho akauambia mti uliokuwa mbele yake, si mimi: "Huku bahari haifiki." Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nilichukia kwanza. Halafu nikajicheka mwenyewe, nikakunja mshipi, nikaanza kumtazama anavyofanya.

Jamani, yule mama. Hatupi ndoana mpaka ameyasoma maji. Anachuma jani kavu, analitupa, analifuata kwa macho. Jani likienda moja kwa moja na mkondo, anaondoka hapo bila kujuta. Likizunguka likarudi ukingoni, penye povu lililosimama, anaweka ndoo yake. Chini ya mkuyu mmoja matunda yalikuwa yanadondoka majini, tubwi, tubwi, na mimi ningetupa ndoana palepale yanapoangukia. Yeye alitupa chini kidogo, yanapofikia yakishabebwa, na kipande cha kuyu ndicho kilikuwa chambo chake. Akatoa perege. Akatoa mwingine. Nilimeza mate kama mtoto.

Halafu maji yakaanza kugeuka rangi ya chai ya maziwa. "Milimani imenyesha," akauambia mti wake. Akaokota ndoo, akaliacha lile dimbwi lililokuwa likimpa samaki, akaenda mpaka mahali kijito kidogo kinapoingia Ruvu, maji meupe yanapokutana na yale ya tope. Nilimwona kama amechanganyikiwa. Kumbe kambare wanatoka kilindini wanakuja kwenye majani ya pembeni kula vilivyosombwa. Alimtoa mmoja mnene kama mkono wangu, nami nimekaanga kambare miaka mingi sijapata kujiuliza hutokea wapi.

Na mamba naye alikuwa amemsoma. Hamtaji jina akiwa mtoni, anasema "mwenyewe." Kabla ya kukaa anatupa donge la udongo, anangoja. Na alipokaa jana, aliuambia mti, leo hakai, maana mwenyewe akizoea kukuona mahali anakuja kukungojea. Nilianza kuwaona wanawe ni waoga tu wanaomwonea mama yao.

Ndipo akateleza. Ukingo ulimeguka chini ya mguu wake, goti likakataa, akaanguka kwa ubavu, ndoo ikabiringika ikaingia mtoni. Alishika mzizi. Nilikimbia nikafika, na hata pale mikono yangu ilisita, nimguse nisimguse, na kabla sijamaliza kusita alikuwa ameshajivuta juu. Hakuna kilichotokeza majini. Lakini hapo nikawaelewa wanawe. Mama huyu angeweza kufa pale, peke yake, na tungeokota ndoo tu.

Nilirudi nyuma mahali pangu pa heshima. "Mama," nikasema, "wanao wamenituma."

Akaulaza ufito magotini. "Najua, baba, tangu nilipokuona. Sema tu. Wewe sikukatalii."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila alikuwa anafuta mkono kwenye kanga, anafuta, mkono umeshakauka bado anafuta. Na mimi neno lilikuwa mdomoni, limeiva. Niliona uchungu, nasema kweli. Ni heshima gani hii, ya kumnyang'anya mtu mto wake kwa sababu hawezi kukukatalia?

"Wanasema," nikasema, "usije mtoni peke yako."

Hawakusema hivyo hata kidogo. Akauuliza mti, "Na nani ana nafasi ya kuja kukaa na kizee huku porini?"

"Mimi. Siku ambazo sikaangi."

Aliinuka kwa shida, akauchukua ufito wake, ule uliokuwa mweusi kwa miaka ya mikono yake, akauweka kwenye majani katikati yetu. Akasogea mbali, uso ameugeuzia mtoni, akangoja. Nikaenda nikauokota. Pale ulipokuwa nikauweka mshipi wangu wa baharini, nikasogea, naye akaja kuuchukua.