Brashi za katani zilizomfikisha Ernesta kwenye rufaa

Saa moja asubuhi mjini Same, Ernesta Mrutu anashusha kinga ya uso, anainama juu ya pipa la chuma, na cheche zinaruka. Mumewe, Lukasi, analishikilia pipa lisiyumbe. Katika karakana hii, msaidizi ni yeye.

Pipa hilo ni mashine ya kuosha tangawizi. Ndani yake kuna brashi za katani zinazozunguka kinyume na pipa, zikitoa tope bila kuvunja tangawizi. Ernesta (46) aliibuni kwa ajili ya mama yake, Koleta, mkulima wa Chome, aliyevimba vidole kwa kuosha mavuno kwenye maji ya baridi.

"Nilitaka mama apumzike. Mambo ya sheria sikuyawaza," anasema.

Wateja walipoongezeka, aliomba hataza, yaani haki ya kumlinda mbunifu asiigwe. Ombi likakataliwa. Mkaguzi alisema mapipa yapo, brashi zipo, na kuviunganisha ni jambo la wazi kwa fundi yeyote.

Neno hilo lilimuuma. Alikuwa ameharibu mapipa kwa miaka miwili. Akaacha kabisa kuigusa mashine, mpaka Lukasi alipomwambia, "Mama Careen, kama ni wazi, mbona sisi tulihangaika hivyo?"

Wakakata rufaa, wakisaidiwa na wakili Paschal Kiangi. Wakili hakuisifu mashine. Alilieleza baraza la rufaa kwamba Ernesta hapaswi kuanza kuthibitisha kuwa ubunifu wake haukuwa wazi. Anayedai ni wazi ndiye alete ushahidi.

Mwenyekiti akamuuliza mkaguzi ni kitu gani kingemfanya fundi azungushe brashi kinyume na pipa. Mkaguzi akakiri kwamba hakuwa na andiko wala mfano. Alitegemea uzoefu wake.

Baraza likasema hilo halitoshi, likatengua uamuzi. Mwezi uliopita hataza ilitoka.

"Nilimpigia mama simu nikashindwa kuongea," anasema Ernesta. "Akadhani kuna msiba."

Sasa anatengeneza mashine ya kuosha inayokanyagwa kwa miguu, kwa ajili ya vijiji vya milimani ambako umeme hukatika. Anataka ya kwanza ipande Chome kabla ya mavuno yajayo, lakini kila akikanyaga, mnyororo unachomoka. Lukasi anamtania kwamba hata hili ni jambo la wazi.

Ernesta anacheka, anaurudisha mnyororo mahali pake.

"Basi anayeona ni wazi aje anionyeshe."