Maharage ya Kuhesabia Mwewe

Mwezi wa tatu, mwewe wanaorudi kwao kaskazini hupita juu ya ukingo wa milima unaotazama bonde la Usangu, mkoani Mbeya. Kazi yangu ilikuwa kuwahesabu. Ilikuwa kazi ya kwanza tangu nimalize chuo, mkataba wa msimu mmoja tu. Mkuu wa mradi, aliyekuwa Iringa, alituambia wazi kwamba mwakani kitabaki kituo kitakachoonyesha mwewe wengi. Kituo changu kilikuwa jiwe bapa juu ya shamba la viazi.

Mama mwenye shamba ndiye aliyenipa chumba. Kaunta yangu ya kuhesabia kwa kubonyeza ilipoingia maji ya mvua, yeye ndiye aliyenionyesha njia nyingine: kila mwewe punje moja ya harage ndani ya kopo, bila kushusha macho. Nilimwamini mapema, na mimi si mtu wa kuamini mapema. Mlango nikishaufunga, narudi kuusukuma mara tatu.

Wiki mbili za kwanza ukungu haukuondoka. Niliandika sifuri, mbili, sifuri. Usiku nililala nikijiuliza kama hawapiti, au wanapita na mimi siwaoni, au nimechagua jiwe baya. Wiki ya tatu nikaugua malaria.

"Lete kopo," mama alisema. "Mwewe akitaka kifaranga changu namwona toka ng'ambo ya bonde. Hao wa kupita tu ndio watanishinda?"

Nilikubali. Kule juu kila mwanamke anayefuga kuku amekua akitazama angani. Mmoja akipiga kelele, mlima mzima unafunika vifaranga kwa matenga. Nilijiambia macho yake ni bora kuliko darubini yangu.

Jioni alinimwagia maharage kwenye shuka. Niliyahesabu mara tatu, huku jasho la homa likinitoka. Mia mbili na kumi na mawili.

"Hawa wote, mama?"

"Wote. Walikuwa kama watu wanaotoka kanisani."

Kitu kilinisumbua. Kutwa nzima dirishani niliona ukungu tu. Lakini maisha yangu yote nimeambiwa nawaza sana, na siku ile niliamua angalau mara moja kutowaza. Nikatuma namba kwenye kundi letu la WhatsApp. Mkuu akajibu, "Mbeya imeamka!" Nililia kwa furaha, nikamkumbatia mama hadi kanga ikamvuka.

Siku kumi baadaye nilikuwa bombani na jirani yetu mmoja, mama wa makamo mwenye utani mwingi. Nikamsifia mwenyeji wangu, jinsi alivyonihesabia mwewe wale siku niliyokuwa na homa.

"Siku gani? Ile ya msiba wa kule chini?" Alicheka, akatua ndoo. "Dada, siku ile hata mbwa walikuwa msibani! Mama yako alishika mwiko toka asubuhi mpaka tunazika. Mwewe aliwahesabu kwenye sufuria?"

Nilimkuta mama jikoni akimenya viazi.

"Mama, siku ile ulipanda mlimani?"

"Nilipita alfajiri. Ukungu mtupu. Nikaenda kuzika."

"Na maharage?"

Hakuacha kumenya. "Ulikuwa unalia, mwanangu. Kila siku ‘kazi yangu inakufa, kazi yangu inakufa.’ Nikakutilia viganja viwili vitatu." Kisha akatabasamu, kana kwamba ningefurahi. "Kwani mwewe atakuja kulalamika?"

Sikujua nimkasirikie vipi mtu aliyenidanganya huku akinipikia uji. Nilitoka nikampigia mkuu. Nilijua kabisa kinachoweza kunipata, lakini namba ile ilikuwa imetoka kwenye simu yangu.

"Bosi, ile mia mbili na kumi na mbili si ya kweli. Sikuwa kituoni."

Alishusha sauti. "Nani mwingine anajua?"

"Kwenye mradi, hakuna."

"Basi iache. Grafu imeshakwenda kwa wafadhili. Wewe binti unawaza sana."

Huyu ndiye aliyesimama mbele yetu siku ya kwanza akatuambia kwamba mhesabuji anayeona aibu kuandika sifuri aende akauze chipsi. Nilikuwa nimeyaandika maneno hayo ndani ya jalada la daftari. Maneno ya mama yaliniuma kama mtoto anavyoumia. Haya ya mkuu yalinifanya nijione mjinga. Niliandika ujumbe, nikaufuta, nikauandika tena, mpaka betri ikabaki kidogo: "Namba ya siku ile iondolewe. Sikuwepo kituoni." Nikautuma kwenye kundi. Wote waliusoma. Hakuna aliyejibu, hata yule tuliyesoma naye darasa moja. Kabla ya giza nilikuwa nimetolewa kwenye kundi.

Mkataba ulikuwa na siku nane zaidi, na sikuwa na nauli ya kuondoka mapema wala moyo wa kurudi nyumbani kueleza. Nikaendelea kupanda. Siku ya sita jua lilitoka baada ya mvua, na mwewe wakaanza kuinuka kutoka bondeni, wakizunguka bila kupiga mbawa, kundi juu ya kundi, mpaka shingo ikaniuma. Kopo lilijaa nikaanza kutia mfukoni. Hakukuwa na mtu wa kumtumia namba ile.

Chini shambani mama alikuwa amesimama, mkono juu ya macho, akipiga kelele kwa nguvu zake zote: "Unawaona? Mwanangu, unawaona wale?"

Nilimsikia vizuri. Nikaendelea kuhesabu, na sikumjibu.